Mwanagenzi Akishika Kisu, Fundi Wake Yuko Wapi?

Naanza na yaliyotokea Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Kisa chenyewe nakitaja kwa ufupi. Februari 2018 walikuwako wanaume wawili walioumia vichwa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ndani ya fuvu, akahitaji kupasuliwa. Wa pili alikuwa na uvimbe wa kutibiwa kwa dawa na kuuguzwa kitandani. Vibandiko vya majina vikapishana, akaingizwa thieta asiyestahili. Daktari aliyekuwa zamu, aliyekuwa bado anasomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, akafungua fuvu, na saa zikapita kabla ya kubainika kwamba damu inayotafutwa haimo. Mola aliwasitiri wagonjwa wote wawili, wakabaki hai.

Daktari yule, muuguzi wa wodi, muuguzi anayepokea wagonjwa thieta na mtaalamu wa nusukaputi wakasimamishwa kazi. Waziri wa Afya wa wakati ule, Sicily Kariuki, akampeleka mkurugenzi mkuu wa hospitali likizo ya lazima. Madaktari wengine wanaosomea ubingwa wakagoma kumtetea mwenzao. Bodi ya Madaktari na Madaktari wa Meno ikachunguza, nami sina haja ya kuhukumu jambo lililofikishwa mbele ya waamuzi. Lakini katika kelele zile za nani afukuzwe na nani arudishwe, kulikuwa na swali ambalo watu walilipita kando. Mwanagenzi anaposhika kisu, fundi wake yuko wapi? Nimelifuatia swali hili vitabuni kwa miaka yote niliyokaa na wanafunzi wa utabibu, na ni kongwe kuliko hospitali zote tunazozijua. Naomba wasomaji wanivumilie twende nalo Baghdad kwanza.

Mwaka 319 Hijria, yaani 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir aliletewa habari kwamba mtu mmoja mjini amekufa kwa kosa la tabibu. Mtu mmoja tu, katika mji uliokuwa mkubwa kupita karibu miji yote ya dunia wakati ule. Khalifa angeweza kumtia tabibu yule gerezani na mambo yakaisha hapo, kama tunavyotaka yaishe sisi leo. Hakufanya hivyo. Alimwamuru muhtasib, yule mkaguzi wa masoko, mizani na kazi za mikono, asimwache mtu yeyote kutibu watu Baghdad mpaka awe amepimwa elimu yake na Sinan bin Thabit. Walioachwa ni wale waliokwisha kujulikana kwa ubora wao na waliokuwa wakimhudumia mtawala. Waliobaki walikuwa zaidi ya 860. Wote wakapanga foleni mbele ya mtu mmoja.

Sinan huyu hakuwa mtu mdogo. Baba yake ni Thabit bin Qurra wa Harran, mwanahesabu ambaye jina lake halijazimika hadi leo. Yeye mwenyewe alikuwa msimamizi wa hospitali, na ndiye aliyeandikiwa na waziri Ali bin Isa apeleke matabibu magerezani kila siku, kwa sababu watu wengi waliobanwa mahali pamoja hawakosi maradhi, na kisha apeleke matabibu wenye sanduku la dawa wazunguke vijijini. Hili la vijijini nalitaja makusudi. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mtu mwenye madaraka mjini alikumbuka kwamba na shamba wako watu.

Sasa sikilizeni Sinan alivyopima. Waliosimulia habari hii, na mmojawao ni Ibn al-Qifti katika historia yake ya wanahekima, wanasema hakutoa kibali cha namna moja kwa wote. Kila mmoja aliruhusiwa kufanya kile tu alichoonekana anakiweza. Mwenye kujua macho aliachiwa macho, mwenye kujua majeraha akaachiwa majeraha, wala hakuna aliyepewa ruhusa ya kugusa kila kitu kwa kuwa tu anaitwa tabibu.

Kuna kisa ndani ya kisa ambacho wanafunzi wangu wote walikichoka kwa kukisikia. Siku moja aliingia mzee wa heshima, kavaa vizuri, kakaa kwa utulivu. Sinan akamtukuza, akamweka mpaka watu walipopungua, kisha akamwomba amsikilizishe kitu cha kukumbuka kutoka kwake, na amtajie mwalimu aliyesoma kwake. Mzee akatoa mkononi karatasi yenye dinari, akaiweka mbele ya Sinan. Akasema hajui kusoma wala kuandika, hajasoma kitu chochote, ila ana watu wa kulisha, na riziki yake ni kazi hii, akaomba asikatiwe. Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti: asimguse mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiamuru kutoa damu au dawa ya kuharisha ila kwa ugonjwa mwepesi. Mzee akajibu kwamba huo ndio mwendo wake maisha yake yote, hajapata kuvuka sharubati ya siki na asali na maji matamu ya kutuliza. Kesho yake akaja kijana mzuri wa uso, mchangamfu. Sinan akamuuliza kasoma kwa nani. Kwa baba yangu. Baba yako nani? Yule shekhe aliyekuwa kwako jana. Sinan akamwambia ni shekhe mwema, je, nawe unafuata mwendo wake? Ndiyo. Basi usiuvuke, nenda salama.

Watu husimulia kisa hiki kwa kucheka, na wengine hukisimulia kuonyesha kwamba hata mitihani ya kale ilikuwa na upendeleo. Mimi naona kina jambo zito kuliko hilo. Mzee yule alijua mpaka wake, akaukiri mbele ya mwenye mamlaka, na mpaka ule ukawekewa sharti. Mtoto akarithi mpaka pamoja na kazi. Sina hakika kama leo katika hospitali zetu kila daktari mwanagenzi anaweza kuulizwa mpaka wako uko wapi, akajibu kwa haraka aliyojibu kijana yule.

Hekima hii haikuanguka kutoka mbinguni bila mizizi. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya litakalotokea. Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu yake masharti ambayo hakimu wa leo angeyatambua: awe na ujuzi, awe na idhini ya mgonjwa au walii wake, na asivuke mipaka ya fani. Baadaye, katika karne ya 12, al-Shayzari wa Sham akaandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, na humo kila fani imewekewa mtihani wake. Tabibu wa macho apimwe kwa makala kumi za Hunayn bin Ishaq. Mwenye kuunga mifupa asikae kazini mpaka ajue idadi ya mifupa ya mwanadamu, ambayo kwa hesabu ya wakati ule ni 248, na ajue umbo na kadiri ya kila mmoja, ili uliovunjika aurudishe katika sura yake. Leo tunahesabu 206 kwa mtu mzima, lakini sharti ni lile lile.

Kila nikifika hapo kwenye mwunga mifupa namkumbuka mhazigi mmoja wa kwetu Vanga, Kaunti ya Kwale, Mola amrehemu. Mvuvi aliyeteleza kwenye ngazi ya dau au mtoto aliyeanguka mwembeni aliletwa kwake kabla hajafikiriwa kupelekwa hospitali ya Lunga Lunga. Alikuwa na mwanafunzi, mtoto wa ndugu yake. Mkono uliovunjika ukishapakwa mafuta ya nazi, mzee alimwekea yule kijana vidole juu ya mahali palipovunjika, kisha akaweka vyake juu ya vidole vya kijana, na kwa muda mrefu hakuna aliyevuta wala kusukuma. Kijana aliulizwa anasikia nini. Akikosea, vidole vya juu vilivisogeza vya chini kidogo, bila neno. Vipande vya upapi na kitambaa cha kufungia vilikuja baadaye sana. Nimeona kazi hiyo kwa macho yangu, na sijaona mwaka ambao kijana yule aliachiwa mfupa wa paja peke yake. Sisemi watu warudi kwa wahazigi na kuacha eksirei. Nasema mzee yule asiye na cheti alikuwa na adabu ya kufundisha ambayo wenye vyeti wengi wameipoteza.

Na wale wanaodhani upasuaji Afrika Mashariki uliletwa na meli, wamsome Robert Felkin. Mwaka 1879 Mwingereza huyu, ambaye alikuwa ameyakatiza masomo yake ya udaktari ya Edinburgh aje Uganda na wamisionari, alishuhudia Bunyoro mwanamke kama wa miaka ishirini akizalishwa kwa kupasuliwa tumbo. Aliyachapisha aliyoyaona katika jarida la tiba la Edinburgh mwaka 1884, na mchoro wake unajulikana dunia nzima. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi kwa wingi. Mpasuaji akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akamwosha na mama tumbo, kisha kwa maji. Akapasua kwa haraka, akaishia chini kidogo ya kitovu. Mishipa iliyotoa damu ikaguswa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa misumari saba myembamba iliyosuguliwa ikang'ara, ikazungushiwa uzi wa gome la mti, na juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa na jani la mgomba lililopashwa moto. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona.

Wengi husoma habari ile wakashangazwa na pombe na misumari. Mimi hunishangaza wale wasaidizi. Mmoja ameshika miguu. Mmoja amesimama upande wa kulia akilituliza tumbo, na mpasuaji alipokwisha kupasua, msaidizi huyu akazitenga kuta za tumbo. Mwingine akapokea mtoto. Hakuna aliyehangaika, hakuna aliyeuliza ashike wapi. Watu hawa walikuwa wameshasimama mahali pale mara nyingi mbele ya mtu aliyejua. Yule wa kulia, kwa uoni wangu, ndiye mpasuaji wa miaka iliyofuata. Huku kwetu tunasema mwana wa muhunzi asiposana huvukuta, na hivyo ndivyo kazi ya kisu inavyopandwa ngazi hata leo. Mwanafunzi hutazama. Kisha hushika ndoana za kutanua jeraha mpaka mabega yamuume. Kisha hushona ngozi, fundi akiwa amesimama mkabala naye, amevaa glavu. Kisha hupasua yeye, fundi akiwa msaidizi. Kisha hupasua fundi akiwa chumba cha pili anakunywa chai, lakini ndani ya jengo. Ngazi ya mwisho ndiyo ya kuachiwa peke yake, na haifikiwi kwa kuhesabu miaka, inafikiwa kwa kupimwa.

Madaktari wana msemo mwingine, ambao aghalabu hunasibishwa na William Halsted, mpasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani aliyeanzisha mafunzo ya kukaa hospitalini mwishoni mwa karne ya 19: ona mmoja, fanya mmoja, fundisha mmoja. Nimeusikia ukisemwa kwa fahari katika thieta zetu. Sijapata kuupenda. Halsted mwenyewe aliwaweka wanafunzi wake miaka mingi, na ni wachache tu waliofika kileleni. Msemo umebaki, miaka imesahauliwa.

Hapa Kenya hospitali yenyewe ya Kenyatta ilifunguliwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ikiitwa hospitali ya wenyeji. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, ambacho leo kina tawi lake Msambweni, asili yake ni mwaka 1927. Makerere ya Uganda ilikuwa imetangulia, 1924. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata kitivo cha udaktari 1967. Wapasuaji wa Afrika Mashariki walikuwa na chama chao tangu 1950, na kutokana na chama hicho, mwaka 1999, kikazaliwa chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi COSECSA, makao yake Arusha. Chuo hiki hakina madarasa. Mwanafunzi hukaa katika hospitali iliyokaguliwa, chini ya mpasuaji anayejulikana kwa jina, na kila upasuaji anaoshiriki huuandika: tarehe, ugonjwa, na kama alitazama, alisaidia au alifanya mwenyewe, na nani aliyemsimamia. Ni kipimo cha Sinan kimerudi. Kila nikiwaza juu ya chuo kisicho na madarasa moyo wangu hufurahi, maana ndivyo elimu ya pwani ilivyokuwa, mwanafunzi alimfuata mwalimu alipo.

Ila mwalimu awepo. Hapa nitasimulia kisa kimoja cha Marekani, kwa kuwa kinafanana mno na hofu yangu. Usiku wa tarehe 4 Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, aliingizwa hospitali moja kubwa ya New York akiwa na homa na mtukutiko wa mwili. Walioshughulika naye walikuwa daktari mwanagenzi wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa na wagonjwa wapatao 40 usiku ule, na mwingine wa mwaka wa pili. Mkubwa wao aliulizwa kwa simu. Msichana alikuwa akitumia dawa moja ya kutibu huzuni, akadungwa nyingine ya kutuliza isiyopatana nayo. Kulipokucha alikuwa amekufa. Baba yake, mwandishi wa magazeti, hakunyamaza. Tume iliyoongozwa na daktari Bertrand Bell ikatoa mapendekezo, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kanuni: mwanagenzi asizidishe saa 80 kwa wiki, asikae kazini zaidi ya saa 24 mfululizo, na daktari mwenye uzoefu awepo hospitalini kuwasimamia. Dunia ikashika habari ya saa. Bell mwenyewe aliishi akilalamika kwamba watu wameliacha lile lililo kubwa, usimamizi, wakabaki kuhesabu usingizi.

Usingizi ni jambo, sikatai. Lakini daktari aliyelala vizuri na asiyejua bado hajui. Simu nayo haina macho. Fundi aliye kitandani kwake hupewa habari na mtu ambaye tatizo lake ndilo hili kwamba hajui ni habari gani ya kutoa. Mwanagenzi anayedhani yuko kwenye kichwa kinachostahili atasema kwenye simu kwamba yuko kwenye kichwa kinachostahili. Aliyesimama mlangoni mwa thieta angetazama kibandiko, angetazama picha ya kichwa iliyoning'inizwa ukutani, angetazama na uso wa mgonjwa.

Wala tusidhani hatari iko kwenye vichwa na mioyo peke yake. Kazi ndogo za wodini ndizo zinazofanywa na wanagenzi kwa wingi na bila jicho lolote: kuingiza mpira wa mkojo, kutoboa uti wa mgongo kuchota maji, kuweka mrija wa kifua. Uchukueni huo mrija. Damu au usaha umejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, mgonjwa anahema kama samaki aliyetolewa maji. Mwanafunzi anajua kitabuni kwamba mshipa wa damu na wa fahamu hupita chini ya ukingo wa kila ubavu, kwa hivyo njia ya mrija ni juu ya ubavu wa chini, kamwe si chini ya ubavu wa juu. Lakini kwenye mwili wenye nyama, usiku, kwa taa hafifu, kidole chake kinatua mahali pasipo. Fundi akiwepo hunyoosha mkono, akakivuta kidole kile chini kwa upana wa nusu kidole, na maisha ya mtu yakapona bila mtu yeyote wa nyumbani kwake kujua. Asipokuwepo, kosa hilo linaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa alizidiwa.

Kuna dawa ya bei rahisi ambayo nchi jirani ilishiriki kuithibitisha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuulizana thieta: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka. Wote walio chumbani wajitaje kwa jina na kazi. Wataje kwa sauti jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa na upasuaji wenyewe. Waulizane kama picha inayohitajika iko mbele yao. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja kati ya hizo nane ilikuwa Ifakara, Tanzania, pamoja na London, Toronto na nyingine za miji mikubwa. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja. Nimeiona imebandikwa ukutani sehemu nyingi, na nimeona pia ikijazwa alama za ndiyo baada ya mgonjwa kurudishwa wodini. Huo ni uongo, na ni uongo juu ya roho ya mtu. Mwanagenzi anayeuona mara ya kwanza huufanya mara ya pili, kwa kuwa kila anachofanya mwalimu ni somo, hata kile ambacho hakukusudia kukifundisha.

Mgonjwa naye ana haki ambayo hukumbukwa mwisho. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka aelezwe hali yake na matibabu yake, na pale inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mama wa kijiji cha Jimbo au Majoreni anapowekewa karatasi ya Kiingereza atie dole gumba, hajaelezwa kitu. Aambiwe kwa Kidigo, Kivumba au Kiswahili: atakayekupasua ni fulani, bado anajifunza, na fulani mwenye uzoefu atasimama naye. Nina yakini kuwa wengi watakubali. Watu wetu hawaogopi wanafunzi, wanaogopa kufichwa.

Nafasi imenibana, na bado sijafika nyumbani. Mgonjwa wa Vanga anayehitaji kisu hupandishwa gari hadi Lunga Lunga, kisha hospitali ya Msambweni, na ikishindikana hupelekwa Mombasa. Kwa njia kama hiyo, mwanagenzi aliye zamu Msambweni hukutana na utumbo uliojikunja, mimba iliyopasuka nje ya kizazi na mvuvi aliyepigwa na gogo la mlingoti, na ushauri wa kumpeleka mgonjwa mbele zaidi unaweza kuwa ndio hukumu yake ya kifo. Kwa hivyo simlaumu kijana anayejaribu. Namlaumu anayemwacha ajaribu peke yake.

Wako watakaosema mabingwa hawakai mashambani. Hospitali ya Tenwek iko Bomet na ile ya Kijabe iko juu ya Bonde la Ufa, zote mbali na fahari ya Nairobi, na zote zinafundisha wapasuaji, kwa sababu walimu wao wanaishi ndani ya uwanja wa hospitali na wakiitwa usiku hufika kwa miguu. Ningependa kuona kijana wa Kwale akimaliza miaka yake ya upasuaji Msambweni kwa mwendo huo huo, daftari lake likiwa limetiwa sahihi ukurasa kwa ukurasa. Na kabla ya hapo, kuna jambo lisilohitaji senti: kila mwanagenzi aandikiwe karatasi yenye jina lake na orodha ya kazi anazoruhusiwa kuzifanya peke yake, anazoruhusiwa kwa kusimamiwa, na asizoruhusiwa kuzigusa, ibandikwe mlangoni mwa thieta na kwenye meza ya muuguzi wa zamu, na muuguzi apewe nguvu ya kusema hapana bila kuogopa cheo cha mtu. Iandikwe upya kila baada ya miezi mitatu, anapohama kutoka idara moja kwenda nyingine.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na wananchi wana haki ya kuitwa na kusikilizwa. Vikao hivyo vikifika wadi ya Vanga, watu wataulizia barabara, visima na boti za uvuvi, na wana haki. Naomba mmoja wao ainuke aulizie nyumba ya daktari bingwa wa upasuaji ndani ya ua wa hospitali ya Msambweni: imetengewa shilingi ngapi, nani analala humo usiku wa Jumamosi, na akiitwa huchukua dakika ngapi kufika thieta.